Jarida la mashua za tanga limeandika Bagamoyo maji ya bamvua yanajaa saa nne asubuhi. Hivi kuna anayekagua kweli?

mtu_wa_tezi
Wadau wa bahari habari za jioni. Mi nipo kwenye boti za wageni hapa Dar, kazi yangu kamba na tanga, na kupika pale mpishi akiugua bahari (ndiyo, mpishi wetu anaugua bahari, msimcheke). Wageni wakishuka wanaacha vitu, mafuta ya jua, kofia, na majarida ya yoti ya huko kwao. Hayo majarida nayakusanya yote nasoma, Kiingereza changu cha kuungaunga ila mambo ya baharini yananiingia.

Sasa juzi nimekuta makala ya kurasa sita, jahazi la mizigo kutoka Bagamoyo kwenda Unguja. Picha kali, karatasi inateleza, nikasema leo tumeandikwa. Mwezi wa kwanza, mwezi mpevu, yaani bamvua kabisa, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa. Jahazi limekaa mchangani na shehena yake, nahodha anamwambia mwandishi wataondoka maji yakijaa. Saa ngapi? Mwandishi kaandika saa kumi ya Kizungu asubuhi, yaani kwetu saa nne. Nikarudia mara tatu. Bamvua, Bagamoyo, saa nne asubuhi maji yamejaa?? Saa nne ya bamvua pale unatembea kwa miguu kwenda baharini mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi.

Nikasema basi, kateleza kalamu. Naendelea, jahazi linatoka "kaskazi ikilisukuma mgongoni" mpaka Unguja. Jamani. Mji wa Unguja uko kaskazini mashariki ya Bagamoyo na kaskazi inatokea hukohuko. Labda walikuwa wanaenda kinyumenyume.

Halafu picha kubwa ya kurasa mbili, chini wameandika jahazi la Kiswahili. Ni ngalawa. Marengu yake mawili hayo, vile vielea vya pembeni, yanaonekana kabisa. Na kwenye kiboksi cha taarifa kwa wasafiri, sehemu ya kutia nanga wameweka digrii 6 KASKAZINI, 39 mashariki. Nimeingiza kwenye simu, iko Ethiopia, milimani huko.

Nakala moja ya hilo jarida bei yake mi nakula samaki wiki nzima. Naomba kujuzwa, hawa kuna mtu anakaa anakagua kabla ya kuchapa au wanaangalia picha tu?

BintiPwani
Nanga imetiwa Ethiopia 😂😂😂 mkuu umeniua. Hapo wanahitaji kamba ndefu.

Bongolala
Kaka na wewe unatafuta presha za bure. Lile jarida kaandikiwa tajiri wa Ulaya anayekaa sebuleni anaota jua, haendi Bagamoyo wala hatatia nanga. Saa nne, saa kumi, kwake yote sawa. Kuna mtu atakufa kwa sababu ya makala?

Nahodha_Mstaafu
Salaam alaikum vijana. Nimeendesha majahazi na baadaye meli ndogo za mizigo, sasa nimetulia Bagamoyo hapahapa, kwa hiyo hili naliona kutoka barazani kwangu.

Kijana wa tezi yuko sahihi na nadhani najua ilivyotokea. Bamvua pwani yetu hii maji hujaa kwenye saa kumi, saa kumi na moja, alfajiri na tena jioni. Hutoka kwenye saa nne, saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kidogo, ukichukua wastani ni kama dakika 50, hata wiki ikipita ukifika maji mafu ndiyo unakuta yanajaa saa nne. Lakini maji mafu hayafiki juu, jahazi lililopakiwa likiwa limekaa juu ya mchanga halielei, utasubiri bamvua nyingine upende usipende.

Basi nahodha wa watu alimwambia "saa kumi". Saa kumi ya kwetu, alfajiri. Mgeni akasikia kumi akaandika kumi. Saa ya Kiswahili imemponza, mambo yakageuka juu chini, penye maji pakawa pakavu.

Na tena alfajiri ile haikuwa kwa ajili ya maji peke yake. Usiku nchi inapoa, upepo wa umande unatoka bara unakupeleka nje taratibu bila kelele. Unapata mwendo mzuri kabla kaskazi haijaamka. Jua likipanda kaskazi inashika kazi na hapo unabisha, unakwenda huku unarudi huku mpaka uione Unguja. Masafa yenyewe ni kama maili 24 za bahari ukienda moja kwa moja, ila kwa kubisha weka mara mbili. Mwandishi aliyekuwemo chomboni akaandika upepo uko mgongoni, huyo ama alikuwa amelala ama hakupanda kabisa.

mtu_wa_tezi
Mzee shikamoo. Hilo la umande sikulifikiria. Kwa hiyo saa ikikosewa na sababu ya safari nzima inapotea.

Nahodha_Mstaafu
Marahaba. Ndiyo hivyo, ukihamisha saa umehamisha na upepo.

Dogo_Mkalimani
Aisee huu uzi umenigusa pabaya. Mi nilishawahi kufanya hiyo kazi ya kuzunguka na waandishi wa kigeni, natafuta boti, natafsiri, nabeba tripodi. Siyo makala hii ila kosa ni lilelile. Tulikuwa kwa wavuvi, mzee mmoja akasema wanarudi "saa moja". Nimetoka usiku sijala, nikatafsiri moja kwa moja kama ilivyo. Mwandishi akaandika saa moja ya Kizungu mchana. Ikachapwa hivyohivyo. Wavuvi wanarudi saa moja asubuhi samaki wabichi kabisa, yeye kawarudisha saa saba mchana jua la utosi, samaki wameshaoza.

Ninachotaka kusema, hakuna mtu aliyenipigia simu hata mara moja kuniuliza. Namba yangu wanayo. Jina la mzee wamelikosea herufi pia. Nilipouliza nikajibiwa kwamba mwandishi ni wa kujitegemea, keshalipwa, jarida likishaenda kiwandani basi.

BintiPwani
Kwa hiyo mkalimani ndo mkosaji, umekiri mwenyewe 😅

Dogo_Mkalimani
Nimekiri dada, nilikuwa na njaa. Ila njaa yangu ilitakiwa kukutana na mtu aliyeshiba huko ofisini akaiona.

kalamu_nyekundu
Wakuu mi nasoma prufu kwenye gazeti moja hapa mjini (silitaji, nina watoto) na nina ugonjwa wa majarida ya bahari tangu baba yangu alipokuwa bandarini, kwa hiyo niwape upande wa jikoni.

Zamani majarida haya yalikuwa na watu wa kudumu ofisini waliokuwa mabaharia wenyewe. Yachting World lipo tangu 1894, Yachting Monthly tangu 1906, hawa wa pili walikuwa na mhariri mmoja, Maurice Griffiths, aliyekaa kwenye kiti karibu miaka arobaini, naye alikuwa anachora mashua na kuziendesha. Ukimletea mtu wa namna hiyo makala ya jahazi linalobishana na kaskazi huku upepo uko mgongoni anakurudishia na kikombe cha chai umalizie nyumbani. Siku hizi matangazo yamehamia mtandaoni, nakala zinazouzwa zimepungua, ofisi ina watu wachache na kila mmoja anafanya kazi za watatu. Kinachokatwa kwanza ni yule anayesoma mara ya pili, kwa sababu kazi yake ikifanyika vizuri haionekani.

Sasa kuna makosa ya aina mbili naomba msiyachanganye. Kuna kosa la kutojua, hilo la saa kumi. Na kuna kosa la kutotaka kujua, hilo liko kwenye kurasa za kujaribu mashua mpya. Jaribuni kusoma majaribio kumi ya mashua mpya mfululizo. Zote "zinajibu vizuri kwenye usukani", jiko "limepangwa kwa akili", kasoro ikitajwa ni kabati la glasi. Geuza ukurasa utakuta tangazo la kiwanda kilekile. Mwandishi kapewa mashua kwa siku moja, hali ya hewa nzuri, mwenye kiwanda kakaa pembeni anatabasamu. Sisemi wanahongwa, nasema mtu hawezi kumtukana mwenye nyumba akiwa bado anakula.

Ndo maana wapo wasomaji wanaoliamini Practical Sailor la Marekani, wale kwa miaka mingi hawakupokea matangazo kabisa, walikula kwa ada za wasomaji. Wanachukua rangi za kuzuia koga wanapaka vipande vya majaribio wanavitumbukiza majini miezi mingi halafu wanatoa matokeo na jina la rangi iliyoshindwa. Halivutii kwa picha, ila ukitaka kununua kitu unajua nani anakwambia nini.

Na kusema haki hata wanaokula matangazo wakiamua wanaweza. Mwaka 2011 Yachting Monthly walichukua mashua nzee ya futi 40, Jeanneau Sun Fizz, wakaitesa makusudi, wakaikwamisha, wakaipindua, wakavunja mlingoti, wakatoboa, wakachoma moto, mwisho wakailipua kwa gesi. Kila hatua wanaandika nini kimefanya kazi na nini hakikufanya. Hapo ndo unajua plagi ya mbao ya kuziba tundu inaziba kweli au ni hadithi. Hiyo naiita uandishi.

Bongolala
Kuilipua mashua ya watu ndo uandishi? Kweli hela zipo duniani. Bado sijajibiwa, nani kafa kwa makala.

Mlamu_asili
Nduzangu wa Bara hamjambo. Miye ni wa Lamu, na hili la picha ya ngalawa kuitwa jahazi nimelizoea mpaka halinikeri tena, mwongo mie, linanikeri sana.

Shida inaanzia kwa hilo neno lao "dhow". Mzungu akiona tanga la kukaa upande basi ni dhow. Jahazi dhow, mashua dhow, dau dhow, ngalawa dhow, buumu la Mwarabu la kutoka Kuwait nalo dhow. Waarabu wenyewe hawaliiti hivyo, kila chombo kina jina lake kwa umbo la omo na tezi. Sisi tuna dau, lakini dau letu ni chombo kimoja maalumu, si kila kinachoelea. Ni kama mtu aandike jarida la magari halafu lori, teksi na bodaboda zote aziite "gari la Kiafrika". Msomaji wa jarida la yoti anajua tofauti ya kechi na yawl, yoti za milingoti miwili, mlingoti wa nyuma ukisogea kidogo tu mbele ya usukani au nyuma yake jina linabadilika na watu wanagombana. Kwao kuna majina, kwetu kuna dhow.

Halafu ule uzushi kwamba vyombo vyetu haviwezi kwenda kinyume cha upepo. Nani kasema? Vinakwenda, si kwa ukali kama yoti za mashindano lakini vinakwenda. Kugeuza ndiko kuna kazi, watu wa jahazi kubwa huzungusha tezi kwenye upepo na foromali, mti unaoshika tanga, inasimamishwa wima ipitishwe mbele ya mlingoti, kila mtu na kamba yake, ukikosea unavunja shingo. Nenda Matondoni kaulize, au njoo utazame resi za mashua hapa kwetu uone kama hawabishi.

Mfano mwengine ni hii Flipflopi. Mnaijua? Chombo cha plastiki ya taka kilichoundwa hapa Lamu, urefu wa mita 9, kikashushwa majini Septemba 2018. Mara ngapi nimesoma "jahazi lililotengenezwa kwa ndara". Ndara kama 30,000 zipo kweli, zile za rangirangi, lakini zimebandikwa kwa nje kama ngozi. Mkuku na mataruma ni plastiki ya taka iliyoyeyushwa ikatolewa kama mbao, na mafundi wakaikata kwa misumeno na tezo kama wanavyokata mti. Hapo ndipo ufundi ulipo, na ndipo mwandishi anaporuka kwa sababu ndara zinapendeza kwenye picha. Safari ya Unguja ikawa Januari na Februari 2019, kilomita kama 500. Nimesoma mahali wameandika maili 500. Kilomita 500 ni maili za bahari 270, wamekiongezea chombo safari ya pili bila kukilipa.

Na mtazame mwezi, Januari. Wanatoka Lamu kwenda kusini, kaskazi iko mgongoni. Huyo ndiye wa kuandikiwa kaskazi mgongoni, si wa Bagamoyo.

mtu_wa_tezi
Kaka Mlamu umemaliza. Hilo la upepo nadhani linawachanganya kwa sababu upepo tunauita kwa kule unakotoka ila mkondo wa maji tunautaja kwa kule unakoenda. Kusi inatoka kusini. Mkondo wa kwetu unaenda kaskazini, na wakati wa kusi unakimbia mpaka noti 4 (maili 4 za bahari kwa saa) sehemu zingine. Sasa mtu wa ofisini akiona "kaskazi" na "kaskazini" kwenye aya moja anazifanya ndugu.

Wa_Muscat
Salaam kutoka Oman, mimi mzaliwa wa Unguja niko huku miaka mingi. Nawasoma nacheka peke yangu kazini.

Tusiwaone wa leo tu. Huko zamani wasafiri waliandika kwamba vyombo vya Bahari ya Hindi vinashonwa kwa kamba badala ya misumari kwa sababu baharini kuna milima ya sumaku inayong'oa chuma. Yakanukuliwa na yakanukuliwa, karne kwa karne, hakuna aliyeenda kuuliza fundi. Fundi angekwambia kamba ya nazi ipo, chombo cha kushona kinanepa kidogo kikipiga mchanga, na ukitaka kutengeneza unafungua kamba unashona upya. Huku waliunda Jewel of Muscat, meli ya kushona kufuata mabaki ya ile iliyozama Belitung kule Indonesia, ikatoka Muscat mwezi wa pili 2010 ikafika Singapore mwezi wa saba. Haina msumari na milima ya sumaku haikuonekana.

Na kinachonifurahisha, Mgiriki mmoja asiyejulikana jina, karne ya 1, aliandika mwongozo wa biashara wa pwani hii akautaja mji wa Rhapta na kusema jina hilo limetokana na vyombo vya kushona. Akaandika na wanachonunua na wanachouza. Mitepe yetu imeshonwa mpaka karne iliyopita, kwa hiyo yule bwana alikuwa sahihi karibu miaka elfu mbili mapema. Naye hakuwa na mhariri.

Mwingine ni yule Alan Villiers wa Australia, mwaka 1938 kapanda buumu la Kuwait pale Aden, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akalala sitahani na mabaharia mpaka Unguja na mpaka Rufiji walikopakia boriti, miezi na miezi. Utabishana naye kwa maoni yake ya kizungu ya zama zile, lakini kamba anaijua kamba. Wa siku hizi anakuja siku mbili na droni.

Bongolala
Sheikh, nani kafa. Nasubiri.

kalamu_nyekundu
Bongolala haya ngoja nikupe, maana unaniudhi vizuri.

Kwanza la hapa kwetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa tahadhari ya pwani wanaandika upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Kuna siku chumba cha habari kimoja (tena silitaji) kijana akaipeleka kwenye ukurasa wa Kiingereza akaandika noti 40. Kilomita 40 kwa saa ni noti kama 21 na nusu, ni upepo wa kuheshimu, mwenye mashua ndogo anakaa nyumbani. Noti 40 ni kilomita 74 kwa saa, hapo hata meli inatafuta pa kujificha. Tuliwahi kabla haijachapwa. Unaweza kusema bora kuzidisha kuliko kupunguza, ila mvuvi ukimtisha na dhoruba isiyokuja mara mbili, ya tatu haamini, anatoka.

Na yeyote anayeandika "noti kwa saa" namfuta bila kusoma mbele. Noti tayari ni maili ya bahari kwa saa moja.

Pili, viwianishi, zile namba za mahali kwenye ramani. Mtu anaandika 6 nukta 30 akimaanisha digrii 6 na dakika 30. Mashine inasoma digrii 6 na sehemu 30 za mia, ambazo ni dakika 18. Tofauti ni dakika 12, na dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari. Maili 12! Usiku, penye miamba. Ethiopia inachekesha kwa sababu kila mtu ataona ni ujinga. Maili 12 haionekani ni ujinga, ndo inaua.

Tatu, tarehe 29 Novemba 2014, mashindano ya Volvo Ocean Race, mguu wa Cape Town kwenda Abu Dhabi. Mashua Vestas Wind, futi 65, mabaharia wa kulipwa, vifaa vyote, ikapanda mwamba wa Cargados Carajos kwenye Bahari yetu hii ya Hindi upande wa Mauritius, usiku, kwa kasi kubwa. Watu tisa wote wakaokoka, alhamdulillah. Mwamba ulikuwemo kwenye ramani ya elektroniki. Ila ukiitazama ramani kwa mbali ule mwamba unapotea, mpaka uvute karibu. Sasa fikiria kila kiramani cha gazetini ni ramani iliyotazamwa kwa mbali, msanifu kafuta visiwa kwa sababu vinabanana na herufi. Majarida makini yanaandika pembeni kwamba ramani hii si ya kusafiria. Hilo ulilolisoma wewe mtu wa tezi waliandika?

mtu_wa_tezi
Nimeenda kuangalia. Hawajaandika. Wameweka kimchoro cha nanga kizuri cha buluu.

Nahodha_Mstaafu
Bongolala mwanangu, umeuliza nani kafa, mimi nikwambie. Hii ilitokea nikiwa kijana, tuliisikia redioni vipandevipande, baadaye nikaisoma yote.

Mwaka 1968 gazeti la Sunday Times la Uingereza lilianzisha shindano la kuzunguka dunia peke yako bila kutua popote. Gazeti ndilo mwenye shindano, ndilo mwenye zawadi na ndilo linaloripoti. Tayari hapo pana kasoro, mwamuzi anauza tiketi. Akajiandikisha fundi mmoja wa vifaa vya elektroniki, Donald Crowhurst, mwenye mashua ya miili mitatu iliyounganishwa, Teignmouth Electron. Alitoka siku ya mwisho kabisa iliyoruhusiwa, 31 Oktoba, chombo hakijakamilika. Baharini akaona hakitafika. Akaanza kutuma kwa redio mahali ambapo hayupo. Desemba akadai kapiga maili 243 kwa siku moja, rekodi. Alikuwa na msemaji wake nchi kavu, Rodney Hallworth, mwandishi wa habari, ujumbe ukija mfupi yeye anaunyoosha, ukiwa hauna mahali yeye anapatafuta. Magazeti yakachapa. Francis Chichester, mzee wa bahari mwenyewe aliyeshazunguka, alishuku tangu mapema. Lakini habari ilikuwa tamu.

Crowhurst alikuwa Atlantiki ya Kusini wakati wote, hata Argentina alitua kuziba chombo, na daftari la safari la uongo anaandika pembeni. Mwenzake Nigel Tetley alikuwa kazunguka kweli, anarudi, chombo chake kimechoka. Akaambiwa yule nyuma anakuja mbio. Akakilazimisha. Mei 1969 chombo kikafumuka kikazama, akaokolewa kwenye boti ya mpira. Baada ya hapo Crowhurst akajikuta anakwenda kushinda, na mshindi madaftari yake yangekaguliwa. Tarehe 10 Julai mashua yake ikakutwa inaelea, mtu hayumo.

Aliyemaliza ni mmoja tu, Robin Knox-Johnston, siku 312, kwa mashua ya futi 32 iliyoundwa Bombay, redio yake iliharibika mapema watu wakadhani kapotea. Zawadi ya pauni 5,000 akaipa familia ya Crowhurst. Mashua ya Knox-Johnston inaitwa Suhaili, jina la upepo kwa mabaharia wa Ghuba. Wazee wetu nao husema suheli, wakimaanisha kusini.

Kwa hiyo gazeti halikumsukuma mtu majini. Lilichapa tu namba bila kuzipima. Maili 243 kwa siku, chombo kile kile kilichokuwa kinajikokota wiki zilizotangulia, baharia yeyote angeuliza.

BintiPwani
Mzee nimesoma mpaka mwisho chai imepoa. Huyo Tetley ndo ameniuma zaidi, kakimbizwa na mtu ambaye hayupo.

Bongolala
Sawa mzee, nimekaa. Nimeuliza nikajibiwa.

Mlamu_asili
Yeye yule Tetley angepata habari ya kweli angepunguza tanga, basi. Kitu kidogo hivyo.

Dogo_Mkalimani
Sasa mkuu mtu wa tezi kwa nini usiwaandikie? Haya majarida yana ukurasa wa barua za wasomaji, na nimeona wenye majarida wazuri wanawachapa hata wanaowatukana. Kuna wazee wa Kiingereza kazi yao ni kukamata kosa la bendera iliyopeperushwa upande usio wake. Wasomaji wenyewe ndo wakaguzi waliobaki, hawalipwi.

kalamu_nyekundu
Naunga mkono. Na angalia jinsi watakavyosahihisha. Mi jarida nalipima hapo. Kosa kila mtu anafanya, mi mwenyewe nimewahi kupitisha "Bahari ya Hindu" kwenye kichwa cha habari, herufi kubwa, ukurasa wa kwanza, msiniulize. Ukitaka kujua ofisi ina watu tazama kama marekebisho yanatoka mahali panapoonekana au yamefichwa chini ya tangazo la gundi.

mtu_wa_tezi
Haya nimeandika. BintiPwani kanisaidia Kiingereza PM, asante dada. Nimeweka mambo manne kwa kifupi: saa, upepo, ngalawa, nanga ya Ethiopia. Nimewaelekeza na saa ya Kiswahili, kwamba siku yetu inaanza kuhesabiwa jua likichomoza, kwa hiyo ongeza au toa sita. Nikimaliza nikawaambia nahodha kasema saa kumi na bamvua maji yanajaa saa kumi, yaani NNE ya kwenu. Sikutukana.

mtu_wa_tezi
Wadau narudi na mrejesho, imepita miezi miwili na kitu. Walijibu imeili baada ya wiki tatu, wana adabu, wakashukuru, wakasema wataweka marekebisho toleo lijalo. Mgeni mmoja mstaarabu kanitumia picha ya ukurasa leo.

Ngalawa wamerekebisha, na jina wameliandika sawa herufi zote. Nanga wameirudisha kusini, iko baharini sasa. Kaskazi wamesema "upepo ulikuwa wa mbele", safi kabisa. Halafu saa. Wameandika hivi, naweka kwa Kiswahili: jahazi halikuondoka saa kumi asubuhi kama tulivyochapa, liliondoka saa nne JIONI. Ya Kizungu. Yaani saa kumi jioni ya kwetu.

Nahodha_Mstaafu
Lahaula. Jioni umande uko wapi? Jioni kaskazi imeshiba inakupiga usoni.

Mlamu_asili
Na wafike Unguja usiku wa manane na shehena, nani awapokee.

kalamu_nyekundu
Wameweka wapi hayo marekebisho, juu au chini?

mtu_wa_tezi
Chini. Juu yake kuna tangazo la gundi, wallahi siwatanii.

Bongolala
Ila jamani tuwe na haki. Saa kumi jioni ya bamvua, si maji yamejaa?

Nahodha_Mstaafu
Yamejaa.